Kubadili noti kuwa kilomita kwa saa, na kurudi: hesabu ya nahodha

Assalam alaykum, ndugu watazamaji. Tumeshatoka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja. Kijana wangu ameshika usukani, nami nitawaonesha namna ya kubadili kasi ya baharini, yaani noti, kuwa kilomita kwa saa, kisha namna ya kurudi kutoka kilomita kwenda noti. Andaeni kalamu, karatasi na kikokotoo. Kile cha kwenye simu kinatosha.

Kuwasha kifaa cha GPS hakuhitaji maelezo. Tazameni namba ya mwendo hapa juu. Naona jua linaakisi na kamera haioni chochote. Subirini nikikinge kioo kwa kofia. Sasa inasomeka: 15.0, na pembeni yake zipo herufi "kn", ambazo maana yake ni noti. Kifaa hikihiki kinaweza kuwekwa kioneshe "km/h", ambazo ni kilomita kwa saa, au "mph", ambazo ni maili za nchi kavu kwa saa, kwa hiyo someni herufi kwanza ndipo msome namba.

Noti moja ni mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa. Saa imo ndani ya neno lenyewe, na ndiyo sababu husemwa "noti 15" bila kuongeza "kwa saa".

Maili ya baharini ina mita 1,852 kamili, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa wapima bahari uliofanyika Monaco mwaka 1929. Namba hiyo ilitokana na umbo la dunia: maili moja ya baharini ni takriban dakika moja ya latitudo, yaani kipimo cha kwenda kaskazini au kusini ya ikweta, na nyuzi moja ina dakika 60. Dakika hizi ni za pembe, si za saa. Chukueni ramani muone. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6 na dakika 49 kusini ya ikweta, na Mji Mkongwe uko karibu nyuzi 6 na dakika 10. Tofauti ni dakika 39, na kwa kuwa miji hiyo miwili imekaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa kusini na kaskazini, mnajua papo hapo kwamba safari ni maili 39 na ziada kidogo. Mimi napenda sana hesabu hii, kwa sababu umbali unasomeka ukingoni mwa ramani kabla hata ya kugusa rula.

Tuendelee. Kupata kilomita kwa saa, zidisheni noti kwa 1.852. Mwendo wetu wa noti 15 unatoa 27.78.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Namba ni 1.852, si 1.609. Maili ya nchi kavu ina mita 1,609 na kidogo, na ndiyo ambayo wengi wetu tulifundishwa shuleni. Mwaka wangu wa kwanza wa unahodha nilipanga safari ya kutoka hapa hadi Mkoani, Pemba, ambayo ni karibu maili 30 za baharini, na kwa kuwa fundi alikuwa ameniandikia matumizi ya mafuta ya mashine kwa kilomita, nilizibadili maili hizo kwa kuzidisha na 1.609 nikapata kilomita 48. Umbali wa kweli ulikuwa kilomita 55 na nusu. Mafuta yalikwisha tukiwa tunaiona Pemba, mkondo ukaanza kutusukuma kaskazini, na abiria wangu, akiwemo mama mwenye mtoto mchanga, walikaa juani hadi jahazi moja lilipotuvuta. Tangu siku hiyo naandika 1.852 juu ya kila ukurasa kabla ya hesabu yoyote, nanyi nawaomba mfanye hivyo hivyo: 1.852.

Sasa turudi upande wa pili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mara kwa mara tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, ilhali programu nyingi za upepo kwenye simu huandika noti. Nabonyeza 40, kisha 1.852, na jibu ni 74.08. Hapana, hilo si sahihi. Nimegusa alama ya kuzidisha badala ya kugawanya. Nitaiacha sehemu hii kwenye video ili muone kosa linavyogundulika: kwa mwendo uleule, namba ya noti lazima iwe ndogo kuliko namba ya kilomita. Nagawanya sasa: 21.6. Upepo wa noti 21 na zaidi, wakati wa kusi, kwa boti ndogo kama hii, ni sababu ya kutosha ya kubaki nchi kavu.

Mkiwa hamna kikokotoo, ongezeni noti mara mbili, kisha toeni sehemu moja ya kumi: noti 15 ni 30, toa 3, unapata 27. Njia hiyo hupunguza jibu kwa karibu asilimia 3. Haidhuru unapotaka kumjibu abiria, lakini kwenye mafuta msiitumie kabisa, kwa sababu inaufanya umbali uonekane mfupi kuliko ulivyo. Kwenye mafuta ni 1.852 tu.

Kwa mita kwa sekunde, gawanyeni noti kwa mbili. Hesabu kamili ni kuzidisha noti kwa 0.514. Jina "noti" lenyewe linatokana na mafundo ya kamba, "knot" kwa Kiingereza. Mabaharia wa Ulaya walitupa majini kipande cha ubao kilichofungwa kamba, wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi mpaka mchanga wa shisha, yaani chupa ya kupimia muda, ya sekunde 28 umalizike. Fundo na fundo zilitengana mita 14.4 hivi. Gawanyeni 14.4 kwa 28 muone wenyewe: 0.514.

Kadi hii iliyofunikwa plastiki ndiyo ninayoiuza pale ufukweni. Ina noti 1 hadi 40 upande mmoja na kilomita upande wa pili. Nasogeza kamera. Noti 5 ni kilomita 9.3, noti 10 ni 18.5, noti 20 ni 37.0, noti 30 ni 55.6. Asiyetaka kuinunua asimamishe video hapa aandike kwa mkono, na ninapendelea aandike kwa penseli, kwa kuwa wino wa baadhi ya kalamu huyeyuka ukiguswa na maji.

Kijana wangu amepunguza mwendo. Kifaa sasa kinaonesha 8.5. Zidisheni wenyewe, nami nitasubiri kabla ya kugeuza kamera: 15.7.