Silanti Kwanza, Waksi Juu: Mhadhara kwa Waosha Magari wa Mbeya

Shikamooni wakubwa. Vijana, mambo? Waliotoka Njombe na Iringa, kamwene. Wa Rungwe na Kyela, ugonile. Waandaaji wana akili, wametuweka Jumatatu, siku ambayo hata mwenye Prado anaona uvivu kuosha gari. (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumzie waksi, lakini naanza na maji. Mliiona ile Noah nyeusi pale nje. Ilipomwagiwa maji iling'aa kana kwamba imeteremshwa melini jana. Ilipokauka, ukungu ukarudi palepale. Maji hayakuongeza rangi yoyote, yalijaza mikwaruzo tu. Klia ni lile tabaka angavu linalofunika rangi. Mwanga ukipiga kwenye klia iliyo tambarare unarudi kwa pamoja, jicho linaona kioo. Ukipiga kwenye mikwaruzo unatawanyika huku na huku, jicho linaona weupe. Waksi inafanya kazi hiyohiyo ya maji, ila yenyewe haikauki ikakuacha. Kwa hiyo ule mng'ao wa ndani, ule unaomfanya mteja ajitazame kwenye mlango na kurekebisha kola, unatoka kwenye usawa wa klia. Waksi inakuja kumalizia.

Ndiyo maana fundi anayepaka waksi juu ya rangi iliyochafuka anapoteza waksi. Osha kwanza. Lami ya barabara kuu itoe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, halafu osha tena mpaka mafuta yaishe. Kisha chukua mfuko laini, ule wa kufungia mkate. Rambo zilipigwa marufuku 2019, msije mkanisingizia. Vaa mfuko huo mkononi na upapase boneti. Utasikia chengachenga ambazo kidole kitupu hakizisikii: vumbi la breki lililojichomeka kwenye klia, utomvu, ukungu wa rangi ya jirani aliyekuwa anapulizia geti. Hizo zinatoka kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiwa umelowanishwa vizuri kwa maji ya sabuni. Udongo ukianguka chini, tupa. Usiufute kwenye suruali ukaendelea, maana umeshabeba mchanga.

Baada ya hapo ndipo kompaundi, ile dawa ya kusugulia mikwaruzo, na hapa naomba tuelewane. Klia ya gari la kiwandani ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, na unywele wa kichwani kwako ni kama 70. Huo ndio mtaji wote wa gari, na kila ukipiga kompaundi unaula. Halafu nakuta kijana Mwanjelwa amefunga sponji kwenye grenda ya kukatia nondo, mashine inayozunguka mara 11,000 kwa dakika! Mashine ya polishi inafanya kazi nzuri kwenye mizunguko elfu moja hadi elfu mbili. Grenda inachoma klia kwenye kona ya boneti kabla hujavuta pumzi, na hapo hakuna waksi ya kukuokoa, unamwita mpiga rangi.

Sasa tuje kwenye makopo. Kuna familia mbili. Ya kwanza ni waksi ya karnauba, nta inayotoka kwenye majani ya mnazi-pori wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Ni nta ngumu sana, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za sentigredi, wakati nta ya nyuki inayeyuka kwenye 62 hadi 64. Ndiyo hiyohiyo inayopakwa kwenye pipi na vidonge ving'ae. Ukiona kopo limeandikwa karnauba asilimia mia na ndani kuna krimu laini, usilipie maandishi. Karnauba tupu ni kama jiwe, haipakiki. Lazima ichanganywe na mafuta na viyeyushi. Sifa yake ni kuipa rangi ya giza joto na unyevunyevu fulani. Udhaifu wake ni umri: kwenye gari linalolala nje, mwezi mmoja na nusu, miwili ukibahatika.

Familia ya pili ni silanti, polima na silikoni za maabara. Mng'ao wake ni mkali, wa kioo, wengine wanauita wa baridi. Lakini inashika klia yenyewe na inaweza kukaa miezi minne hadi sita.

Ukizitaka zote mbili kwenye gari moja, silanti inatangulia. Hii sheria ina sababu. Silanti inatafuta klia tupu ya kung'ang'ania. Ukianza na waksi umeipakia mafuta njiani, itateleza na kutoka na mvua ya pili. Hivyo kabla ya silanti futa mwili mzima kwa spiriti iliyochanganywa na maji, uondoe mafuta ya polishi. Ipake nyembamba, nyembamba kuliko unavyodhani. Ikikauka, futa kwa kitambaa cha mikrofaiba, kisha iache. Kopo likisema usubiri muda wa saa kumi na mbili, kwa Mbeya mimi nahesabu siku nzima.

Mnaguna, lakini sikilizeni. Maelekezo yale yaliandikwa kwa mtu mwenye gereji yenye joto la wastani. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, alfajiri ya Uyole mnaijua, mikono haishiki hata sponji, na umande unakaa kwenye boneti hadi saa tatu. Baridi inachelewesha silanti kushika, na umande unaiachia madoa. Fanya kazi hiyo kuanzia saa nne, chini ya paa, na gari lilale ndani usiku huo. Huo mwinuko una ubaya mwingine pia: mionzi mikali ya jua inaongezeka takribani asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000. Paa la gari ambalo jua limelichubua klia, lile lenye mabaka meupe, limekwisha. Mweleze mteja ukweli, usimuuzie waksi.

Kesho yake ndipo unapaka karnauba juu ya silanti. Je, matabaka mangapi? Nimesikia watu wanajisifia matano, sita. Tabaka la waksi halifikii hata mikroni moja, na viyeyushi vya tabaka jipya vinalainisha lile la chini, kwa hiyo hayapandani kama matofali. Tabaka la pili lina maana, linafunika pale mkono ulipopita juujuu. La tatu kuendelea ni mazoezi ya bega.

Na si kila gari linahitaji vyote viwili. Nyeusi, bluu iliyokolea, nyekundu ya mvinyo: weka karnauba juu, tofauti utaiona. Nyeupe na fedha, ambazo ndizo nusu ya IST za mji huu, ziachie silanti peke yake mara mbili. Karnauba kwenye gari jeupe ni hela ya mteja inayopita bila kuonekana.

Kuna swali kule nyuma. Karibu, dada.

"Mwalimu, mimi nina Harrier nyeusi. Nilipigiwa waksi mwezi wa pili, wiki mbili tu imeisha. Nimeibiwa?"

Pole. Inawezekana, lakini kwanza niambie inaoshwa na nini. (Dada: "Sabuni ya unga!") Mmemsikia mwenyewe amekiri. Sabuni ya unga imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, na waksi kwake ni mafuta tu. Dada, mwambie kijana atumie shampuu ya gari, na ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sponji, ili mchanga wa mlangoni usirudi kwenye boneti. Pia mwezi wa pili ni katikati ya mvua. Kwa hapa kwetu ningekupigia silanti mwishoni mwa Oktoba kabla mvua hazijaanza, halafu karnauba mvua zikikatika Mei. Ukitaka kujua imebaki au imeisha, mwagia maji: yakisimama matonematone ya duara ipo, yakilala kama shuka imeondoka, au imefunikwa na uchafu. Osha kwanza ndipo uhukumu.

Mwingine? Ndiyo, kaka wa Sokomatola. Anasema waksi inaacha madoa meupe kwenye bampa nyeusi za plastiki. Kweli, na yakikauka ni kero. Bandika utepe wa karatasi wa wapiga rangi kabla ya kuanza. Ukishachafua, tumia mswaki laini na spiriti ileile, sugua taratibu. Dizeli msipake, naiona ile chupa pale.

Haya, twendeni nje. Nusu ya boneti ya Noah nimeibandikia utepe tangu asubuhi. Kushoto tutapita na kompaundi na silanti, kulia waksi tupu juu ya mikwaruzo. Mwenye simu yenye tochi nzuri asogee mbele.