Seva ya Tovuti kwa Sola Hapa Mombasa: Inalipa?

Hamjambo? Karibuni juu ya paa letu, hapa Tudor. Jua kali, kwa hivyo tutakwenda haraka.

Kabla hujatoa hata shilingi, tupige hesabu. Hiki mkononi mwangu ni Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo; ndicho seva yangu. Ndani yake mna tovuti yangu ndogo ya maji kujaa na kupwa: maandishi na jedwali, picha hamna. Nimekipima, kinakula wati 3. Mara saa 24, ni wati-saa 72 kwa siku. Uniti moja ya stima ni wati-saa 1,000, kwa hivyo mwaka mzima hazifiki uniti 27. Tuseme uniti ni shilingi 30, yako isome kwenye risiti ya tokeni. Hiyo ni kama shilingi 800 kwa mwaka. Paneli na betri vitarudisha pesa zake lini? Anayekwambia utapunguza bili kwa njia hii hajashika kalamu.

Sababu ya kufanya ni moja tu: stima ikipotea, tovuti isipotee nayo. Na hapo ndipo wengi hunaswa.

Hatua ya kwanza haina gharama. Ngoja stima ipotee mtaa mzima, kisha washa ruta yako kwa betri ya kuazima. Taa ya intaneti ikiwaka na kurasa zikafunguka, endelea na video. Ikikaa nyekundu, basi mitambo ya kampuni yako huko nje nayo imezimika, na paneli yako haitaiamsha. Zima video, kodi seva kwingine, huna deni na mtu.

Bado upo? Haya, pima na ruta. Yangu inakula wati 9, mara tatu ya seva yenyewe! Jumla wati 12, yaani wati-saa 288 kwa siku. Hapa kwetu tuhesabu saa 5 za jua kamili, utoe thuluthi ya joto, vumbi na waya. Paneli ya wati 100 inatosha, na chenji inabaki.

Betri sasa. Hii ni ya LiFePO4, aina ya lithiamu, ampea-saa 50, volti 12.8, yaani wati-saa 640. Ukitumia asilimia 80 yake unapata kama saa 42 bila jua. Ukipenda ya asidi, usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo tafuta ya ampea-saa 100. Mimi nilianza na ya 20 kwa ubahili. Mwezi wa tano, mvua za mwaka, mawingu siku tatu: seva ilikata usiku wa manane katikati ya kuandika, na kadi ya memori ikaharibika. Siku hizi kumbukumbu za seva zinaandikwa kwenye ramu, yaani memori ya muda, kadi inasomwa tu, na nakala ya tovuti iko pembeni.

Tufunge paneli. Tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo itazame kaskazini. Iinue nyuzi 10 hivi, si kwa ajili ya jua, ni ili mvua ioshe vumbi na mavi ya kunguru. Wa Mombasa mnawajua. Acha nafasi ya upepo kati yake na mabati, maana paneli ikipata joto hutoa kidogo. Na mwangalie yule mnazi wa jirani: kuti moja likitia kivuli kwenye kona, umeme unaporomoka.

Waya: betri kwenye kontrola, kile kifaa cha kusimamia chaji, kwanza, halafu paneli. Kutoa ni kinyume chake. Fyuzi ikae karibu na chanya ya betri. Inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, usinunue; yenyewe, bila kazi, inaweza kula sawa na seva. Weka kishusha volti cha kutoa 5 kwa Pi na kingine cha kutoa 12 kwa ruta. Usiunge ruta moja kwa moja, kwani betri hii ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi.

Sogeza kamera hapa. Unaona huu ukijani kwenye ncha ya waya? Huu una miezi minane tu. Ni chumvi ya bahari hiyo, inakula shaba. Kata, kwangua, funga upya, paka grisi. Betri nayo ikae ndani, kivulini.

Kampuni nyingi za intaneti ya nyumbani hazikupi anwani ya intaneti ya peke yako, kwa hivyo utahitaji huduma ya kupitisha wageni wa tovuti hadi kwenye seva yako. Hiyo ina video yake.

Sasa nazima swichi kubwa ya nyumba. Feni imesimama, mama anauliza kulikoni. Simu yangu iko kwa data, si kwa waifai. Nafungua... huu hapa ukurasa. Bamvua kesho.