Usugu wa Mbu na Bomba la Mkulima

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mliotoka Mabogini na Chekereni, wauguzi na wanafunzi: tumezoea kusema kwamba mbu "wamezoea dawa", na kauli hiyo inatupotosha, kwa sababu hakuna mbu anayezoea. Katika kundi kubwa huwamo wachache waliozaliwa na badiliko dogo pale kwenye mishipa ya fahamu ambapo pairethroidi, jamii ya dawa za kuua wadudu, hushika, au wenye vimeng'enya vingi vya kuivunja sumu kabla haijawadhuru. Wenzao wakifa, hao ndio wanaobaki kuzaa. Ndiyo maana wapimaji huwaweka mbu saa 1 kwenye karatasi yenye dawa, wakahesabu vifo baada ya saa 24: wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika.

Sasa tutazame majaruba yetu. Hapa Moshi Chini mbu wa malaria aliyetawala ni Anopheles arabiensis, na viluilui vyake hukulia katika maji yaleyale ya mpunga tunaoupulizia. Deltamethrini ya dukani ni pairethroidi, jamii moja na dawa iliyomo katika vyandarua vingi tunavyolalia, kwa hiyo mkulima anayechanganya kwa kukisia, kifuniko cha chupa kikiwa ndicho kipimo chake, huwachuja mbu kabla hawajaota mbawa. Simlaumu, kwa maana mara nyingi hakuna aliyemweleza.

Gharama ya usugu tumeiona kwa wenzetu. Afrika Kusini ilipoacha DDT, dawa ya zamani ya kupulizia kuta za nyumba, mwaka 1996 ikashika pairethroidi, Anopheles funestus sugu, mbu mwingine wa malaria, alirudi jimboni KwaZulu-Natal, malaria ikapanda sana, na kufikia mwaka 2000 DDT ililazimika kurejeshwa.

Msiache vyandarua kwa haya niliyosema; kitambaa kisichotoboka kinamzuia hata mbu sugu. Tena vipo vyandarua vipya vilivyoongezwa klorofenapiri, ambayo haigusi mishipa ya fahamu bali huzuia chembe za mwili wa mbu kutengeneza nishati. Vilijaribiwa Misungwi, mkoani Mwanza, vikapunguza maambukizi kwa watoto, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Lakini klorofenapiri nayo ilianza kama kiuatilifu cha mashambani, na hilo linanitia hofu kubwa. Ninawaomba viongozi wa skimu ya umwagiliaji, kabla ya msimu ujao, bwana shamba na mganga wa wilaya waketi meza moja na kuipitia orodha ya dawa zitakazoingia majarubani.