Viza si Siku za Kukaa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Neno ni lilelile ninalolisema harusini na misibani: "overstay", yaani kupitiliza. Tunasema "fulani ka-overstay" na kunyamaza, kana kwamba habari imekamilika. Haijakamilika! Kitenzi hiki cha Kiingereza hutaka yambwa. Kapitiliza nini? Mgeni akipitiliza ukarimu, kipimo ni uso wa mwenyeji, na sisi tunakijua, ndiyo maana siku ya tatu tunampa jembe. Kwenye uhamiaji kipimo ni tarehe. Sasa, tarehe ipi?

Kuna mama mmoja wa kwetu, simtaji, alikwenda Marekani kumlea mjukuu. Viza yake ilikuwa ya miaka mitano. Akakaa mwaka mmoja na miezi miwili, roho yake imetulia, kwa sababu kila akifungua pasi anaona viza bado hai. Akarudi nyumbani kwa hiari yake na zawadi zake. Mjukuu wa pili alipokaribia kuzaliwa, akapanda ndege tena. Wakamrudisha kutoka uwanja wa ndege, kanga za mzazi zikiwa bado kwenye begi. Mtoto yule sasa anatembea, bibi yake hajamshika. Yule mama hakudanganya mtu. Alisoma tarehe isiyo yake.

Najua mtu atauliza: si viza imeandikwa mwisho wake? Imeandikwa, ndiyo. Ni siku ya mwisho ya kubisha hodi. Siku za kukaa hutolewa na afisa wa mlangoni, na mgeni wa matembezi Marekani kwa kawaida hupewa miezi sita. Zinaandikwa kwenye rekodi iitwayo I-94, ambayo mtu huisoma kwenye intaneti, na wengi wetu hatujawahi kuifungua. Ndiyo maana viza inaweza kuisha ukiwa ndani na usiwe na kosa lolote, au ikawa hai nawe umeshakosa. Waingereza wenyewe husema mtu kapitiliza viza, na usemi huo ndio umetuponza.

Usiniambie "siku chache hazina neno". Ukipitiliza hata siku moja, viza uliyoingilia imebatilika. Na kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1996, anayezidisha zaidi ya siku 180 kisha akaondoka hufungiwa mlango wa kurudi miaka 3. Akifikisha mwaka mzima, miaka 10. Mama yetu alizidisha miezi minane. Hesabuni wenyewe.

Ulaya, nchi za Schengen, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, nayo ni hesabu nyingine kabisa. Wanafunzi nanyi mna yenu, rekodi zenu kwa kawaida hazina tarehe bali herufi D/S, yaani muda wote mtu akiwa bado mwanafunzi halali, na muda umenitupa mkono. Anayesafiri mwezi huu asiondoke hapa kabla hatujaketi naye na pasi yake.