Bomba Linapotekenya: Ninayoyakuta Nikikagua Nyumba za Watu

(Mazungumzo na wanachama wa kikundi cha akiba na mikopo, Tabata, Dar es Salaam)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ambao hamjaitikia hata moja, habari za jioni.

Mwenyekiti kanitambulisha kama mhandisi. Namshukuru, lakini mimi ni fundi sanifu. Mhandisi ni mtu mwingine, na nitawaambia ni siku gani mumwite. Kazi yangu ni hii: mtu anataka kununua nyumba, au anaishi ndani yake na haielewi, ananiita. Naingia na ngazi, tochi, tesita na nyundo ndogo. Baada ya saa 3 natoka nimejaa utando wa buibui kichwani, naandika nilichokiona.

Watu wetu tukinunua nyumba tuko makini sana na karatasi. Hati inapelekwa ardhi, mwenyekiti wa mtaa anaulizwa, majirani wanachunguzwa kama kuna kesi. Vizuri, msiache. Ila nyumba yenyewe inakaguliwa dakika 10, na 8 kati ya hizo ni kusifia vigae. Dalali analijua hilo. Ndiyo maana nyumba inayouzwa hunukia rangi. (Kicheko)

Mimi nimekuja na jambo moja tu, nalo ni mpangilio. Nikimaliza kukagua, kila nilichokiona nakiuliza: hiki kinaweza kuua mtu usiku wa leo? Cha ndiyo kinaandikwa juu. Kinafuata kile kinachoila nyumba polepole. Mwisho kabisa ni kinachochukiza macho. Mwenye nyumba akipata hela anaanzia mwisho, kwenye gipsamu na vigae, na hela inaishia hukohuko.

Basi leo tuanzie juu. Umeme.

Kuna maneno nimeyasikia nyumba nyingi mno: "Bomba la bafuni linatekenya kidogo, lakini tumeshazoea." Na anayesema huwa anacheka. Ndugu zangu, kinachokutekenya ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na njia umeupa wewe, mwili wako. Leo umevaa ndala na sakafu imekauka, basi unatekenywa. Kesho anaingia mtoto peku, kalowa, anashika bomba kwa mikono miwili.

Inakuwaje? Kuna kifaa kinavujisha, mara nyingi ile shawa ya kuchemshia maji. Nyumba ikiwa na waya wa athi uliofungwa sawasawa, umeme huo ungepita kwenye waya, usingekungoja wewe. Sasa nenda nje, chini ya mita, utafute fimbo ya athi. Nimekuta mahali fimbo imeibwa, maana shaba ina soko. Nimekuta waya umechomekwa mchangani bila fimbo, kama urembo. Kimara kuna nyumba nilivuta waya wa athi taratibu nione umeshika wapi, ukaja wote mkononi kama mzizi wa mchicha. Haukuwa umefungwa popote. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno, akageuka akaenda mwenyewe kuzima meinswichi.

Mtu ananiambia, "Lakini fundi, tuna sakiti breka." Sakiti breka kazi yake ni kulinda waya usiungue. Wewe haikujui. Breka ya soketi unaweza kuikuta ni ya ampia 32, na kinachotosha kusimamisha moyo wa mtu ni kipande kidogo cha ampia moja. Utakuwa unatetemeka pale, breka imetulia. Kifaa kinachomlinda mtu ni hiki ambacho mafundi tunakiita RCD. Kile cha majumbani hukata umeme unaovuja ukifika miliampia 30, yaani sehemu 3 katika 100 za ampia. Kina kitufe kidogo chenye herufi T. Mkifika nyumbani leo kibonyezeni. Umeme ukikatika, pandisha swichi, kalale. Usipokatika, au ukitafuta kitufe usikione, umeshajua hela ya mkopo wa mwezi huu inakwenda wapi.

Na shawa hiyohiyo ina la pili. Nyingi ni za wati 5,500. Gawanya kwa volti 230 za umeme wetu, unapata karibu ampia 24. Fundi wa haraka anaiunga kwenye waya wa soketi, ule wa milimita za mraba 2.5, ambao umepita darini chini ya bati, na dari ya Dar saa 8 mchana mnaijua. Waya unapikika kidogo kila anayeoga. Shawa inataka waya wake peke yake, wa 4 au wa 6, na breka yake. Mkumbuke pia kwamba TANESCO wanaishia kwenye mita. Kutoka kwenye mita kuingia ndani ni mali yako na mzigo wako. Kwa hiyo fundi umeme muulize leseni ya EWURA, ile mamlaka inayodhibiti nishati na maji, tena bila aibu. Wewe si unaulizwa kitambulisho hata ukienda kusajili laini?

Mama pale nyuma anasema kwake RCD ilikuwepo, ikawa inakatakata kila mvua ikinyesha, fundi akaiondoa. Mama yangu, hiyo ilikuwa inakwambia kwamba kuna mahali maji yanakutana na umeme, pengine taa ya nje au soketi ya uani. Fundi alimfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga filimbi. Irudishwe, halafu atafutwe mwizi.

Tukitoka kwenye umeme, twende madirishani. Grili. Hapa huwa nagombana na watu, maana kila mtu anaogopa mwizi, nami namuogopa. Lakini chumba cha kulala chenye grili iliyochomelewa kila dirisha na mlango mmoja kupitia sebuleni, moto ukianzia sebuleni, ni tundu la kuku. Simwambii mtu aondoe. Nasema kila chumba cha kulala, dirisha moja grili yake iwe na bawaba na kufuli la ndani, na ufunguo ning'iniza karibu nalo, mahali ambapo mkono wa nje haufiki ila mtoto wa ndani anafika gizani. Mchomeleaji wa mtaani anaimaliza siku moja. Na namba ya Zimamoto ni 114, iandikeni.

Gesi nitasema kwa ufupi, ingawa tunaipenda na ni afadhali kuliko jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, ambalo linaua bila harufu wala kelele. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi dirishani, inatambaa sakafuni kama maji na kujaa pembeni. Kwa hiyo mtungi ukae nje ya jiko ukiwezekana, kivulini, umesimama, na ukikaa ndani pawe na tundu la hewa chini ya ukuta. Mpira ukipasukapasuka badilisha. Unapima uvujaji kwa povu la sabuni. Nimemkuta mtu mzima, msomi, anapima kwa kiberiti. Na ukiinusa usiku, usiwashe taa wala usiizime. Funga mtungi, fungua milango, toka nje, simu upigie huko nje.

Naona mzee wa kofia ananicheka, najua unataka kusema nini, mzee wangu. Eti vipi? "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nilijua tu! (Kicheko) Shikamoo, mzee. Methali siipingi, ila kwenye kazi yangu imeniletea shida. Watu wameishika neno kwa neno, wanaziba. Anayeuza anaziba, anapaka rangi, na mimi ninayekuja na tochi nakuta ukuta laini kama yai. Ufa ni shahidi, na mkiuziba kabla haujahojiwa mmeua ushahidi.

Ule mwembamba kama unywele, umetawanyika kama ramani, ni plasta ilikauka upesi bila kumwagiliwa. Huo zibeni, hauna neno. Ule unaotoka kwenye pembe ya dirisha kwenda kwa mshazari, mpana upande mmoja, umepasua mpaka tofali, huo msingi unazama upande. Chukua penseli, weka alama ufa unapoishia, andika tarehe. Katikati bandika kidonge cha plasta kuvuka ufa. Kaa masika nzima. Kidonge kikipasuka, nyumba inatembea. Hapo, au mlango wa karibu ukianza kugoma kufunga, ndiyo siku ya kumwita mhandisi aliyesajiliwa, na si mimi.

Na mara nyingi chanzo ni maji. Bomba linavuja chini ya jamvi, lile zege la sakafu. Karo la maji taka limechimbwa limegusa msingi. Maji ya paa yanaanguka miguuni mwa ukuta miaka 15 kwa sababu gata ilionekana anasa. Ukiongeza nondo na zege bila kuhamisha maji, umemvisha mgonjwa koti jipya.

Sasa nondo zenyewe. Sisi wa pwani tuna ugonjwa wetu. Zege likichanganywa na mchanga wenye chumvi, au nondo zikakaa karibu mno na uso wa zege, kutu inaanza ndani. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka, inavimba, inasukuma, zege linabanduka. Nikiingia nyumba za Mbezi Beach, Kunduchi, Kigamboni, kabla ya salamu naangalia chini ya kibaraza cha juu na chini ya ngazi. Nikiona michirizi ya rangi ya chai ya rangi, nagonga kwa nyundo. Zege zima linalia kama jiwe. Lililoachana na nondo linalia kama debe. Wenye nyumba wengi wanapiga plasta juu ya hilo debe. Inakaa mwaka, inaanguka, na safari hii na kipande kikubwa zaidi. Dawa ni kubomoa mpaka ufikie chuma safi, kusugua, kupaka dawa ya kutu, ndipo ujaze. Nondo ikiwa imeliwa sana, tunarudi kwa mhandisi.

Na tafadhali, msingi uliochorwa kwa nyumba ya chini usiupandishie ghorofa kwa sababu shemeji amekupa saruji. Wengi hapa tunaikumbuka Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka, watu zaidi ya 30 wakafa. Hata tanki hesabuni: lita 5,000 za maji ni tani 5. Mnaiweka juu ya nguzo nne alizokisia fundi kwa macho, na chini yake watoto wanacheza rede.

Paa nitapita haraka. Kumbukeni tu kwamba bati namba ikipanda linazidi kuwa jembamba, geji 32 ni nyepesi kuliko 28, na wauzaji wengine wanawachezea hapo. Tone linapoangukia si ndipo bati lilipotoboka. Maji husafiri juu ya kenchi hata mita 3 kabla ya kudondoka. Mkipanda, tazameni pia mbao: vijinjia vya udongo vinavyopanda ukutani kuelekea juu ni mchwa, na ubao uliopakwa rangi nzuri unaweza kuwa umebaki ganda. Choma kwa bisibisi. Nyumba za zamani zenye paa la asbesto msilikate wala kulitoboa ovyo, vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Ninyi mnaotafuta nyumba ya kununua, msinunue kiangazi. Najua bei na haraka. Lakini bonde la Msimbazi mwezi wa nane ni pazuri, upepo mwanana, majani mabichi. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko jiji hili, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Kama ni lazima ununue kiangazi, usiangalie ukuta wa muuzaji, huo umepakwa rangi. Angalia ukuta wa jirani. Jirani hana biashara na wewe, ile mistari ya tope ameiacha. Ndani sogeza kabati la jikoni. Ukiona rangi inavimba mapovu na unga mweupe wa chumvi mpaka usawa wa goti, unyevu unapanda kutoka chini, ile nailoni ya msingini ilisahaulika au ilichanika. Haiui mtu usiku wa leo. Lakini itakula rangi yako kila mwaka, na bei ya nyumba ishuke kwa hilo.

Kijana ameuliza kuhusu karo, na nilikuwa nalisubiri. Umbali na kisima cha maji ya kunywa, kanuni inayotumika sana ni mita 30, ingawa kwenye viwanja vyetu vya 20 kwa 20 naona mnaguna. Basi maji hayo yapimwe na yachemshwe. Kinachonitisha zaidi ni mfuniko. Ni zege, chini yake kuna mvuke mchana na usiku, nondo zake zinaoza kuliko za mahali pengine popote nyumbani, na juu yake ndipo tunapoanika nguo. Na mtu akitumbukia, msimfuate ndani kwa kamba ya mkononi. Gesi ya mle inamlaza wa kwanza, inamlaza anayemfuata, na wa tatu. 114, na muwe nje.

Nikiwa naingia hapa ukumbini nimepita karo lenu pale nyuma. Mfuniko una ufa wa kidole, kwa mshazari, na kuna mtu ameegesha bodaboda juu yake. Nyekundu, ina mwavuli. Mwenyewe yuko humu? Haya kaka, nenda kaitoe sasa hivi, isukume, usiiwashe ukiwa juu yake. Tutakungoja, maswali yapo.