Vitamini E haikuukinga moyo

Wakubwa, shikamooni. Najua wengine hapa mmeshanisikia na habari ya utafiti wa HOPE. Mtanivumilia, nitaacha kuisimulia siku nitakayoacha kuwekewa chupa za vitamini E mezani kwangu.

Juzi mama mmoja kaja kliniki na mfuko. Ndani chupa tatu, kila moja bei ya kilo mbili za nyama. Namuuliza, "Mama, na kidonge cha presha?" "Hicho nimeacha, kina kemikali." Presha aliyokuwa nayo siitaji, nisije nikapandisha zenu.

Haya. Salim Yusuf na wenzake, kutoka Hamilton, Canada, walichukua watu zaidi ya 9,000 wa miaka 55 na kuendelea, wenye maradhi ya mishipa au kisukari. Watu walewale wakagawanywa mara mbili: vitamini E au kidonge bandia kisicho na dawa ndani, kisha ramiprili, dawa ya presha, au kidonge bandia. Karibu miaka mitano. Matokeo yakatoka 2000. Waliopata shambulio la moyo, kiharusi, au kufa kwa maradhi hayo: kwa vitamini E, 16.2 katika kila 100. Kwa bandia, 15.5. Bure kabisa! Kwa ramiprili, 14.0, kwa bandia, 17.8. Wakaendelea kufuatiliwa, na 2005 ikaonekana kundi la vitamini E ndilo lenye wengi zaidi ambao moyo umeshindwa kazi.

Mtu ataniambia, "Daktari, si oksijeni kali ndiyo inayounguza mishipa, na vitamini E ndiyo inayoizima?" Nani kakataa? Inatoka wapi, ndilo swali. Homoni ya anjiotensini inaamsha vimeng'enya kwenye kuta za mishipa, vinaimwaga usiku na mchana. Ramiprili inapunguza anjiotensini yenyewe. Wewe na chupa yako unapepea moshi kwa kanga, kuni mbichi bado ziko mekoni. Ramiprili inashusha presha pia; sisemi kazi yake ni hiyo moja.

Na wewe wa nyuma unayecheka kwamba nalipwa na makampuni: ramiprili siku hizi inatengenezwa na yeyote. Ningetaka hela ningeuza chupa.

Mchicha na maembe kuleni, hatuna ugomvi. Ukimeza ramiprili na kikohozi kikavu kikakusumbua, rudi tubadilishe. Mjamzito asiiguse. Statini, zile dawa za kushusha lehemu... naona mwenyekiti anaonyesha saa. Basi doksorubisini, ile dawa nyekundu ya saratani inayochosha moyo, na deksrazoksani inayoukinga, ni za siku nyingine.

Maswali? Na mwenye chupa mkobani ainyanyue, niione.