Ukiulizwa maadili kwenye usaili wa unesi Uingereza

Mambo zenu ndugu zangu, na wakubwa zangu shikamooni. Nimetoka zamu ya usiku, kwa hiyo mkiniona napiga miayo mnivumilie. Hapa Yorkshire saa tatu asubuhi na bado nimewasha taa, ndiyo hali ya hewa yetu hii.

Kuna mdogo wangu mmoja, nesi huko Mwanza, ana usaili wa mtandaoni na hospitali ya huku. Kaniuliza: "Dada, wameniambia watanipima kwa maadili yao. Nikariri yapi?"

Haya, mdogo wangu, kalamu hiyo. NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, ina katiba yake kwa upande wa England, na katiba hiyo inataja maadili sita: kufanya kazi pamoja kwa ajili ya mgonjwa, heshima na utu, ubora wa huduma, huruma, kuboresha maisha, na kutomwacha mtu yeyote nyuma. Utayakuta kwenye bango korido nzima, hadi mlangoni kwa choo cha wafanyakazi, sitanii.

Ila nikueleze jambo ambalo bango halisemi. Katiba hiyo ilitoka Januari 2009. Machi ya mwaka huohuo ikatoka ripoti kuhusu hospitali ya Stafford, na nchi nzima ikashika kichwa. Wagonjwa walikuwa wanalala kwenye uchafu wao, wanapiga kengele haji mtu, wengine maji ya kunywa hawayafikii. Uingereza hii hii mnayoiona kwenye TV! Baadaye wakili Robert Francis akaongoza uchunguzi wa wazi, na ripoti yake ya Februari 2013 ikatoa mapendekezo 290.

Chanzo? Uongozi ulikuwa unakimbizana na bajeti na malengo. Mgonjwa wa dharura alitakiwa asizidi saa nne bila kuhudumiwa na kuondoka kitengo cha dharura, basi muda ukizidi, manesi wanaambiwa waandike uongo. Nesi mmoja wa hapo, Helene Donnelly, hakunyamaza. Akaripoti, akaripoti tena. Waliomtisha ni nani? Si wakurugenzi wenye suti. Ni wenzake wa zamu, mpaka akawa anaogopa kutoka peke yake kwenda kwenye gari usiku. Manesi waliosomea huruma kama mimi na wewe.

Na sisi nyumbani tusicheke. Tunaijua ile Mei 12, siku ya wauguzi duniani, sare zimenyooka, mishumaa mkononi, tunaapa mpaka machozi yanatoka. Napenda sana siku ile. Lakini kesho yake unaingia wodini mko wawili, wagonjwa wamejaa mpaka sakafuni, na hakuna kiapo kinachoongeza mtu kwenye zamu. Nesi aliyechoka hivyo akimfokea mama wa watu, tunasema hana maadili. Mimi huwa nauliza kwanza walikuwa wangapi zamuni.

Kilichonishangaza huku ni kitu kidogo. Daktari bingwa kaingia wodini na saa mkononi. Huku kwenye wodi, chini ya kiwiko hutakiwi kuvaa kitu zaidi ya pete ya ndoa isiyo na urembo, ndiyo maana mnaniona na saa ya kubandika kifuani. Mwanafunzi wa unesi, katoto kabisa, akamwambia: "Samahani, saa yako. Na mikono." Bingwa akasema asante, akavua, akaenda kwenye sinki. Hakuna aliyegeuka kutazama! Nikajiuliza, kule nilikosomea mimi, mtoto huyu si angekuwa ameshaitwa kwa metroni?

Lakini msidhani kila wodi iko hivyo. Nimewahi kufanya kazi kwingine, maadili ukutani ni yaleyale sita, ila nesi mgeni akiuliza swali wakati wa ripoti ya kukabidhiana zamu, watu wanatazamana na kucheka chini chini. Ndani ya wiki chache wageni wote tulikuwa kimya. Dawa ikipungua kimya, kitanda kibovu kimya. Nesi kimya wa namna hiyo ni hatari kuliko nesi mkali. Inchaji, yaani msimamizi wa wodi, alikuwa anaona yote na hasemi neno, na kwangu mimi hapo ndipo wodi inapoharibikia.

Baada ya Stafford kila hospitali ya NHS huku England iliwekewa mtu maalumu wa kumwendea ukiona jambo baya. Ukifika, uliza mapema ni nani, usisubiri yakukute.

Sasa usaili wenyewe. Hayo sita wameshayasikia kwa watu mia. Wewe waeleze siku moja Mwanza: dozi uliyoisimamisha kwa sababu hesabu haikukaa sawa, nani alikasirika, ulimjibuje, mgonjwa akawaje. Kama hukusikilizwa, sema hukusikilizwa, kisha ulifanya nini. Jina la mgonjwa usilitaje kabisa, ukilitaja tu umeshajikosesha alama. Na wakikupa nafasi ya kuuliza, waulize hivi: nesi akikosea dawa wodini kwenu, kesho yake asubuhi inakuwaje? Halafu usiseme kitu, watazame tu sura zao wanapojibu.